Mteja Asiyeulizwa Siku

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Bi Losena, katibu wa kanisa, mama mpole ambaye hata ukimkanyaga mguu huomba samahani yeye. Asubuhi ile hakuomba.

"Nazmin, mwanangu, hii barua mliyotuletea, nani kaiandika?"

"Mimi, mama. Ile ya kuhamisha mtambo wa barua pepe."

"Hebu nisomee ulichoandika."

Nazmin akasoma. Wapendwa wateja, barua zenu tunazihamishia kwenye seva mpya, hakutakuwa na usumbufu wowote, asanteni kwa uvumilivu.

Bi Losena akafungua yake. "Yangu haisemi hivyo. Yangu inasema: 'Hao wa kanisani wafungieni Jumapili, wakiwa wanaimba. Wakija kushtuka kazi imekwisha, na wenyewe wala hawana akili ya kujua.' Nimewasomea wazee wa kanisa, mwanangu. Nakwambia ili ujue kwamba wamesikia."

Maneno yale Nazmin aliyajua. Imtiaz, bosi wake, aliyasema jana yake, amesimama mlangoni pa chumba cha mtambo, kipande cha roti, yaani chapati, mdomoni. Aliyasema tu. Hakuna mtu aliyeyaandika popote.

Ofisi ile iko juu ya duka la vitambaa pale Toorak, mtaa wa kilimani mjini Suva, na aliyeianzisha ni marehemu Haji Sattar, baba mkwe wa huyo Imtiaz. Haji aliweka mtambo mkubwa katika chumba cha nyuma, na watu wasio na mtambo wao wakawa wanaweka barua zao humo: kanisa, zahanati ya Wasabato, mchinjaji wa nyama ya halali, hoteli ya ufukweni, na wengine. Kila mmoja na sanduku lake, kama wapangaji wa nyumba moja. Miaka yote ile barua haikupotea. Na Haji alikuwa na tabia moja watu wakimcheka nayo: haingii chumba kile mpaka abishe hodi. "Assalaam alaykum, mwenyeji," husema, husubiri kidogo, ndipo asukume mlango. Ukimuuliza anamsalimia nani, hukujibu, "Aliyekuwa kwenye kilima hiki kabla yetu. Nyumba yake, sisi wageni."

Haji alipougua, Imtiaz akarudi kutoka Auckland na suti zake, na mzee alipofariki akakalia kiti. Mlango ule yeye aliufungua kwa teke.

Sasa mtambo umezeeka, waliouunda hawautengenezi tena, barua hazina budi kuhama. Na kuhama kwenyewe kunataka barua zisimame nusu siku, zisiingie wala zisitoke. Nusu siku ya lini? Kanisa halitaki Jumapili, ndiyo siku ya matangazo ya misiba na harusi. Wasabato hawataki kufanyiwa kazi Jumamosi. Mchinjaji Ijumaa yuko msikitini, na akitoka tu oda za watu zinamsubiri. Hoteli, wageni wake hufika Alhamisi. Nazmin aliwauliza mmoja mmoja, akapanga wahame kwa mafungu, kila fungu na siku yake, kazi iende taratibu, wiki kadhaa, bila kuumizana.

Imtiaz akaugeuza mpango ule kama mtu anavyogeuza roti kwenye chuma.

"Wiki kadhaa za nini? Wote siku moja, Jumapili. Waandikie hakuna usumbufu."

"Tutakuwa tumewadanganya, bosi."

"Tutakuwa tumewatuliza. Andika, bibie."

Akaandika. Na kilichofuata ndicho hicho alichokisoma Bi Losena.

Kabla ya adhuhuri simu zililia mpaka Sereima, anayezipokea, akavua hereni aziweke mezani. Daktari wa zahanati, kwake imeandikwa: Huyo daktari mwitikieni ndiyo, halafu tufanye tunavyotaka. Yakub mchinjaji hakupiga simu. Alipanda ngazi mwenyewe, aproni ina damu, akaweka simu yake mbele ya Imtiaz.

"Soma."

"Ndugu yangu Yakub, hii ni hitilafu ya kimtambo, unajua—"

"Nimesema soma. Kwa sauti."

Imtiaz hakusoma. Sereima akanyoosha shingo, akasoma yeye. "'Mchinjaji yule kelele nyingi, na mdomo unanuka kitunguu.'" Akairudisha shingo. "Imeandikwa vizuri tu, haina kosa."

"Miaka yote hii," Yakub akasema polepole, "nilidhani mwenye kisu ni mimi."

Akashuka zake. Imtiaz akafunga mlango na kumgeukia Nazmin, uso umemwiva.

"Ni wewe. Mpango wangu hukuupenda, ukasikiliza milangoni, ukawaandikia."

"Barua niliyotuma hii hapa, itazame. Imetoka salama. Imebadilika njiani."

"Barua si maziwa ichachie njiani. Jumapili nahamisha mtambo. Kama hujakiri, Jumatatu niko polisi, na kila mwenye ofisi Suva hii nitampigia nimwambie Nazmin anapekua barua za watu. Tuone nani atakupa hata ufagio."

Hapo alimgusa penyewe. Kazi ya Nazmin ni kutunza siri za watu, na mtu wa kazi hiyo akitoka na jina la mdokozi hana tena pa kwenda. Hasira zilimpanda mpaka meno yakamuuma. Yeye ndiye aliyetaka watu waambiwe kweli, na sasa kweli imesemwa, kitanzi anavishwa yeye.

Sereima alimvuta kando, kwenye sinki la vikombe. Alinong'ona, yeye ambaye hajui kunong'ona.

"Sikiliza, shoga. Hii si kazi ya mtu. Sisi wenyeji wa visiwa hivi, kwetu huingii uwanja wa mwenyewe bila hodi, na hutoki bila kuaga. Mzee Haji alijua. Nyinyi mnataka kuhama, wateja wote umewauliza siku. Mwenyewe je?"

"Mwenyewe nani?"

Sereima akauelekeza mdomo kwenye mlango wa nyuma. Hakumtaja.

Jumamosi mchana mvua iliukalia mji, mchana ukawa mweusi kama sufuria ya kuni, na Nazmin akaenda peke yake mpaka kwenye mlango ule. Mtambo ulikuwa unavuma kama siku zote, mvumo wa mtu mnene aliyelala baada ya kula. Lakini palikuwa na harufu. Harufu ya udi uliochomwa zamani, na chini yake harufu ya udongo uliofunuliwa leo hii, udongo wa kaburi kabla mtu hajawekwa. Akaingia bila kubisha, kwa mazoea, na mlango ukajirudisha nyuma yake taratibu, na mvumo ukashuka, ukashuka, mpaka ukawa chini kabisa kama inavyoshuka sauti ya watu unapoingia katika chumba ulimokuwa unasengenywa, na ndani ya mvumo ule akaanza kusikia maneno, kwanza moja moja kama matone, kisha mengi, sauti juu ya sauti, kila neno lililowahi kusemwa karibu na mlango ule, Imtiaz akicheka na roti mdomoni, Sereima akiimba, fundi wa zamani akimtukana mkewe, yeye mwenyewe Nazmin siku alipolia kwa siri kwa ajili ya mchumba aliyemwacha, sauti ileile yake na kwikwi zilezile, na mwisho, zote ziliponyamaza, sauti ya Haji Sattar aliyelala kaburini, safi kama yuko nyuma ya bega lake, ikisema, "Assalaam alaykum, mwenyeji," kisha kimya, kimya cha mtu anayengoja.

Nazmin hakujua mguu gani ulimtoa nje.

Alikwenda moja kwa moja kwa Haseena, binti wa Haji na mke wa Imtiaz, akamweleza yote. Haseena hakushangaa. Alichukua mtandio, akasema, "Baba alimwambia mume wangu. Alimwambia kwa kinywa chake, kitandani, akikata roho. Bisha hodi. Neno moja tu." Akatema mate pembeni. "Na hilo limemshinda."

Jumapili, Imtiaz alipofika ofisini akawakuta wanamngoja: Haseena, Nazmin, Sereima aliyetoroka ibada, na Maulana Rafiq, sheikh mzee mwembamba wa kupunga majini, kutoka Nasinu, na chetezo mkononi, ubani unafuka.

"Haya ni maigizo gani?" Imtiaz alisema. "Mke wangu unaniletea mganga kazini?"

"Bisha hodi, mume wangu. Ndilo tunaloomba."

"Mtambo wangu, chumba changu, mlango wangu." Akaupiga teke, akaingia, akaupeleka mkono kwenye swichi.

Mkono haukufika. Ulisimama hewani, vidole vikakakamaa, na kichwa chake kikageuka polepole kuwatazama, macho yamepinduka weupe mtupu. Maulana akawahi kumwagia moshi.

"Wewe ni nani?" akauliza. Hakupandisha sauti.

Sauti iliyotoka haikuwa ya Imtiaz. Ilikuwa ya Bi Losena. "Mimi mteja," ilisema. Kisha ya daktari: "Mteja wa kwanza." Kisha ya Yakub, yenye ghadhabu inayotetemesha vioo: "Kanisa mmeliuliza siku. Zahanati mmeiuliza. Muuza nyama mmemuuliza. Mimi niliyekaa hapa kabla ya jiwe la kwanza, niliyewalindia barua zisipotee, nani aliniuliza? Mlango wangu unapigwa mateke. Na mbele ya mlango wangu mnasema hivi, huko nje mnaandika vile. Nimechoka kusikia mambo mawili. Nikawapelekea lile moja."

Nazmin akapata ujasiri asioujua ulikotoka. "Kumbe ni wewe. Na mimi ndiye ninayeitwa mwizi."

Macho meupe yakamtazama. "Wewe uliandika ulichoambiwa," ikasema kwa sauti yake mwenyewe Nazmin, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

"Unataka nini uondoke kwa amani?" Maulana akauliza.

"Huyu awapigie wenye barua, awaambie kweli kwa mdomo wake. Kisha mniage kama mtu. Nitakwenda."

Ikamwachia. Imtiaz akaanguka, akanyweshwa maji ya dua, akaelezwa alichotakiwa. Akajifuta uso, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Walikaa wanangoja, mvua inapiga bati, mtambo unavuma chini kwa chini. Baadaye akatoka, tai ameikaza.

"Nimewapigia. Wote. Nimewaambia kila kitu, wameridhika."

Sereima alikuwa amekaa kwenye meza yake ya simu, pale ambapo taa nyekundu huwaka mtu yeyote akiinua mkono wa simu. Akaitazama taa, ambayo haikuwaka hata mara moja. Akamtazama Haseena. Akatikisa kichwa.

"Umewapigia kweli?" Maulana aliuliza.

"Wallahi."

Mvumo ukakatika. Mtambo ulikuwa unaendelea kufanya kazi, vitaa vyake vinapepesa kijani kama kawaida, lakini hautoi sauti hata ya mbu, na harufu ya udongo ikaondoka chumbani kama pazia lililovutwa. Wakatazamana. Kisha wakausikia tena, mvumo uleule, wa mtu mnene aliyelala baada ya kula, na walipotafuta unatoka wapi, wakaona ni kifuani kwa Imtiaz, chini ya tai. Akafumbua mdomo kusema, na sauti ya Haji Sattar ikatoka, tulivu kabisa:

"Nyumba nimepata. Hii haina hodi."

Haseena hakulia. Aliinuka, akatoa funguo za ofisi mfukoni mwa mumewe, akamkabidhi Nazmin mbele ya Maulana, akasema mdokozi wa barua keshajulikana na huyu si yeye, na mwenye kusema vinginevyo aje kwake. Nazmin akawapigia wateja mmoja mmoja, akawaambia yalivyokuwa, akatukanwa anavyostahili, akauliza upya siku. Barua zikahama kwa mafungu, wiki kadhaa, haikupotea hata moja. Kila mara alibisha hodi kwanza, ingawa chumbani hamkuwa na wa kuitika.

Imtiaz yuko nyumbani kwake Samabula. Hagombi, hali sana. Anakaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, ngozi ya moto kama pasi, anavuma mchana kutwa, na Haseena huwasha redio ili majirani wasisikie.

Mwezi uliofuata Nazmin alimpelekea Haseena bakuli la pilau. Walikaa barazani, wakaulizana hali. Mtu akienda kumwona mgonjwa, kuna maneno yanayosemwa, na Nazmin alilelewa vizuri.

"Ofisini tunamwombea kila siku, dada. Tunatamani apone arudi."

"Asante, mpenzi," Haseena alisema.

Mvumo ukasimama.

Redio ilikuwa inasoma habari za bei ya samaki. Chini yake, kutoka nyuma ya pazia, ikaja sauti ya mwanamke, na Nazmin akaijua kabla haijamaliza neno la kwanza, maana ilikuwa yake, na maneno ndiyo aliyomwambia Sereima asubuhi ileile, jikoni kwake mwenyewe, mbali na Samabula, mlango umefungwa.

"Akirudi yule, naondoka mimi. Na abaki hukohuko avume mpaka aoze."

Haseena aliweka kijiko chini. Nazmin akataka kuomba radhi, akaogopa hiyo nayo itasahihishwa kutoka nyuma ya pazia. Ndani, mvumo ukaanza tena.