Bwana Mkubwa na Mkasi wa Nguo

Kila asubuhi, kabla ya kushona, Fundi hufanya mambo yale yale. Hufuta vumbi kwenye cherehani. Hutia tone la mafuta. Kisha huchukua kipande cha kitambaa kisicho na kazi, akashona mstari mmoja na kusikiliza kama mashine inakwenda sawa. Hapo ndipo siku yake huanza.

Asubuhi hiyo mstari haukufika mwisho.

"Mkwe wangu! Njoo umwone Bwana Mkubwa! Ana uvimbe!"

Aliyeita ni mama mkwe wake, kutoka chumba cha pili. Magoti yalikuwa yakimsumbua, kwa hiyo alikaa kitini kutwa. Bwana Mkubwa alikuwa paka wake. Alikuwa bado mdogo, mweupe, mwenye manyoya marefu na pua bapa. Alikuwa paka wa mbegu ya Kiajemi. Mume wa Fundi, ambaye ni seremala, alipewa na mteja aliyekuwa akihama. Seremala akamletea mama yake ili asikae mpweke.

Mama mkwe alifurahi. Lakini chakula cha paka, mchanga wa choo chake, na manyoya yaliyonata kwenye nguo za wateja, vyote vilimwangukia Fundi.

Fundi aliinuka taratibu. Alimpapasa paka chini ya kwapa. Manyoya yalikuwa yamesokotana, yamekuwa bonge gumu.

"Si uvimbe, mama. Ni manyoya yamejifunga."

"Basi yafungue."

"Haya hayafunguki. Yanakatwa tu."

Fundi alijua kazi yake. Uzi ukijifunga, hupotezi muda nao. Unauvuta juu, unaukata. Akachukua mkasi wake wa nguo, akalivuta lile bonge kwa vidole, akakata.

Paka alilia mlio ambao Fundi hakuwahi kuusikia. Damu ikatokeza kwenye manyoya meupe.

"Umemuua!" mama mkwe alipiga kelele.

"Sijamuua, mama. Nimemkata kidogo."

"Kidogo! Ungekatwa wewe hiyo kidogo!"

Fundi alibonyeza kitambaa safi juu ya kidonda. Kwa mkono mwingine akampigia simu mumewe.

"Mpeleke kwa daktari wa mifugo," alisema Seremala. "Yule wa nyuma ya soko."

"Nina gauni la bibi harusi hapa. Linachukuliwa leo jioni."

"Sasa mimi nifanyeje, mke wangu? Niko juu ya paa la watu."

Fundi aliweka simu chini. Alilitazama gauni. Alimtazama paka. Wazo likamjia, akalinyamazia. Nikifika huko nitamwacha, aliwaza. Daktari atampata mtu mwingine wa kumpa. Nitarudi mikono mitupu.

Alimfunika paka kwa shuka, akamtia kwenye kapu la nguo. Kumbe mama mkwe alikuwa mlangoni, amevaa viatu, na fimbo mkononi.

"Unakwenda wapi, mama? Magoti yako?"

"Wewe una mkasi. Nani atamlinda?"

Walikwenda polepole. Kila walipofika penye kivuli, mama mkwe alisimama kupumua. Kila waliposimama, Bwana Mkubwa alijaribu kuruka nje ya kapu, na Fundi alimrudisha ndani kwa kiwiko. Pikipiki ilipopita, paka aliogopa akakojoa. Mkojo ukapenya kapu, ukamlowesha Fundi gauni alilovaa.

"Msamehe," mama mkwe alisema. "Ni mtoto."

Fundi alikamua upindo wa gauni lake, akaendelea kutembea.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira. Alimweka paka mezani, akaongea naye kwanza kabla ya kuongea na watu. Akasafisha kidonda.

"Amekatwa na mkasi?" aliuliza.

"Na fundi!" mama mkwe aliwahi. "Tena fundi wa kusifika!"

Daktari alitabasamu. "Wengi hufanya hivi, mama. Ngozi ya paka ni nyembamba na imelegea. Ukilivuta bonge la manyoya, ngozi nayo inapanda. Wewe unaona manyoya matupu, kumbe ngozi imo katikati ya mkasi."

"Kitambaa hakina ngozi," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana. Usijilaumu. Kidonda hiki ni kidogo, nitakishona nyuzi mbili. Mabonge mengine nitayanyoa kwa mashine. Nyumbani, bonge likikaza, msilikate. Mleteni hapa."

Alimpiga paka sindano ya ganzi, akashona. Fundi aliutazama mkono wa daktari. Nyuzi zilikuwa sawasawa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alipumua vizuri.

"Ameshachanjwa?" daktari aliuliza.

"Ya nini kuchanjwa?" alisema mama mkwe. "Huyu hatoki nje. Analala kwenye mto kama sultani. Magonjwa atayapata wapi?"

"Nyinyi mnatoka, mama. Wateja wanaingia. Kuna ugonjwa mmoja wa paka, wanatapika na kuharisha, na wadogo wengi hufa. Vijidudu vyake huingia nyumbani na viatu."

Mama mkwe alivitazama viatu vyake.

"Lakini huyu ni wa mbegu," alisema. "Tuliambiwa ni wa thamani."

"Thamani haimkingi na ugonjwa. Tena wa aina hii wana kazi zaidi kuliko paka wa kawaida. Pua yake ni fupi, kwa hiyo machozi humtiririka. Mfuteni macho kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu. Manyoya yake yachanwe kila siku, hasa kwapani, tumboni na nyuma ya masikio. Siku mkiruka, ndiyo mabonge yanaanza."

Daktari alimpima paka uzito na joto la mwili. Akaona hana homa, akampa chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo. Akasema chanjo hiyo moja haitoshi. Warudi baada ya wiki chache kwa ya pili, na hapo atachanjwa pia ya kichaa cha mbwa. Baadaye ni kila atakapoelekeza. Na kwa kuwa ni dume na anakaribia kukua, wakubaliane siku ya kumhasi, asianze kukojoa kwenye kuta na kutoroka kufuata majike.

"Amenikojolea mimi tayari," alisema Fundi.

"Huo ulikuwa woga tu. Mtieni kwenye kitu kinachofungwa, chenye matundu ya hewa. Na viroboto je? Mnampaka nini?"

"Jirani ana dawa ya mbwa wake," mama mkwe alisema. "Aliahidi kutugawia."

Daktari aliacha kuandika. "Msithubutu. Baadhi ya dawa za viroboto za mbwa humwua paka. Hata vidonge vyenu vya maumivu vinaweza kumwua. Asipewe dawa yoyote kabla ya kuniuliza."

Mama mkwe alimshika paka mguu.

"Nani anamhudumia nyumbani?" daktari aliuliza.

"Tunamhudumia sote," alijibu mama mkwe haraka.

Daktari alimtazama Fundi. Fundi alitazama gauni lake lililoloa.

"Sote maana yake mara nyingi ni mtu mmoja," daktari alisema kwa upole. "Paka huyu ni kazi ya kila siku. Ni vizuri kila mtu ajue yake. Kuna swali lingine?"

Hapo ndipo Fundi alipotaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini mama mkwe alikuwa ameinama mezani, paji la uso limegusa kichwa cha paka, na anamnong'oneza kitu.

"Hakuna," Fundi alisema.

Jioni ile gauni la bibi harusi lilichelewa, na mteja akanuna.

Lakini mambo ya paka yalibadilika. Mama mkwe alinunuliwa kitana cha chuma chenye meno mapana. Kila asubuhi alimpakata Bwana Mkubwa na kumchana, kwapa hadi tumbo, huku akimsimulia habari za majirani. Seremala alitengeneza sanduku la mbao lenye matundu na mlango wa kufunga. Siku ya chanjo ya pili paka alisafiri ndani yake bila kelele. Daktari alimpapasa mwili mzima, asikute bonge hata moja. Kidonda kilikuwa kimepona. Macho yalikuwa makavu. Uzito ulikuwa umeongezeka.

"Paka huyu ametunzwa," daktari alisema.

Siku hiyo Seremala hakuwa na kazi, kwa hiyo alikuwapo nyumbani waliporudi. Alimtoa paka sandukuni, akamnyanyua juu.

"Mwone alivyonawiri! Si niliwaambia? Paka hana tabu hata kidogo."

Fundi alikuwa ameinama pembeni, anazoa mchanga wa choo cha paka. Kwenye cherehani nguo za wateja zilikuwa zimerundikana. Jikoni sufuria ilikuwa inaanza kuchemka. Alisimama, kijiko cha mchanga mkononi.

"Siku ile nilikwenda kumwacha," alisema.

"Kumwacha nani?" aliuliza Seremala.

"Huyo. Nilitaka kumwacha kwa daktari, nisirudi naye."

Mama mkwe aliweka kitana chini. "Mwanangu! Mbona hukusema? Kumbe humpendi?"

"Sina ugomvi na paka, mama." Fundi hakuishusha sauti. "Nashona, napika, nafua, nazoa mchanga. Nikikaa, naitwa. Kila mtu hapa ananiona niko sawa kwa sababu sisemi. Leo nasema. Nimechoka. Nimechoka sana, na nataka mnisaidie."