Wino Usioogopa Mvua

Mtaa wa Bulyaga uliamka na mvua, kama kawaida yake. Tupokigwe alifungua steshenari yake, akaweka ndoo chini ya paa linalovuja, akawasha printa. Mama yake, Jenifer, alikuwa ameshafika kutoka kijijini Kisondela kwa bodaboda, gauni limelowa hadi magotini.

"Orodha ya kikundi tayari?"

"Naitoa sasa hivi, mama. Saa nane iwe ukutani."

Ilikuwa orodha ya wakulima sitini wa kupewa miche ya parachichi. Mwaka jana orodha kama hiyo ilibandikwa nje, mvua ikainyeshea, wino ukachuruzika. Karani wa kugawa miche akaitazama karatasi, akasema, "Mama, jina lako halisomeki." Jenifer akarudi mikono mitupu. Miche ikaenda kwa wenye sauti. Mnyonge hakosi jina. Hukosa wa kulisoma.

Tupokigwe hakusahau. Ndiyo maana jana alinunua wino mweusi wa aina nyingine, usiofutika kwa maji, akaumimina tangini juu ya ule wa zamani. Mweusi ni mweusi, alijiambia.

Karatasi ya kwanza ilitoka na mistari myeupe. Ya pili ilimeza nusu ya majina. Alibonyeza kitufe cha kusafisha mara tano. Jina la mama yake likabaki "Jen".

"Hata mashine imejifunza ukarani," alisema Jenifer.

Tupokigwe alivuka barabara kumwita Alinanuswe, fundi wa mashine za ofisi. Fundi alichungulia tangi.

"Dada Tupo, humu umepika nini?"

"Wino mweusi."

"Weusi wa aina mbili. Ule wa zamani ni rangi iliyoyeyuka, kama chai ya rangi. Huu mpya ni unga laini unaoelea majini, kama masizi. Ukichanganya, wino unaweza kuganda na kuziba vitundu vya kichwa cha kuchapia. Vitundu vyenyewe ni vyembamba kuliko unywele."

"Muuzaji hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Tupokigwe akanyoosha tena kidole kwenye kitufe cha kusafisha.

"Na usibonyeze tena kusafisha. Unamaliza wino na kujaza sponji ya wino taka. Mashine yako inakubali aina zote mbili za wino, kijitabu chake kinasema. Ila si kwa pamoja."

Alinanuswe alinyonya wino wote kwa bomba la sindano. Akasuuza tangi, mirija ya wino na kichwa kwa maji maalumu ya kusafishia printa, si ya bombani, mpaka yakatoka meupe. Kisha akajaza wino mpya peke yake. Akasafisha mara moja, akasubiri, akatoa karatasi ya majaribio. Mistari yote ilikuwa kamili.

"Kila wiki chapa ukurasa mmoja, usikauke," alisema. "Na andika kwenye kifuniko ni wino gani umo. Kichwa husahau."

"Changu hakisahau," alisema Tupokigwe. Lakini aliandika.

Kabla ya saa nane orodha ilikuwa ukutani Kisondela. Mvua ikaipiga usiku kucha. Asubuhi karani alifika, akaigusa kwa kidole. Kidole kikatoka safi.

"Hii haikulowa?"

"Imelowa," alisema Jenifer. "Soma."

Karani akasoma majina yote sitini, moja baada ya jingine, maji yakimdondoka puani. La Jenifer lilikuwa la kumi na saba. Akapokea miche yake, akaifunika kwa kanga, akapanda nayo kilima.