Kiti cha Mbele

Nnnnn. Mlio mwembamba wa mota ulitoka uani usiku, na rafiki yetu mshonaji akajua ni kile kiti cha umeme katika gari kuukuu la mumewe. Kila akikisogeza mbele, kwa kuwa miguu yake ni mifupi, asubuhi hukikuta kimerudi nyuma kabisa. Marehemu mke wa kwanza alikuwa mrefu. Mume alikuwa na jina la mahaba alilomwita huyo marehemu, na hakuwahi kukubali kulitaja. Mshonaji alimwonea wivu.

Kesho yake jioni akamleta fundi umeme wa magari.

“Shemeji, usimshuku mzee wako,” fundi alicheka. “Swichi za magari haya huchoka tu.”

“Swichi gani hiyo inayojua urefu wa miguu?”

Fundi akabadili swichi, akachomoa fyuzi. Mwisho akaing’oa betri yenyewe na kuiweka chini. Taa ya ndani ikazimika, giza likajaa garini.

“Haya. Sasa hata shetani akikitaka, atakisukuma kwa mkono!”

Nnnnn.

Kiti kikarudi nyuma taratibu, bila haraka. Kisha springi zake zikalia, kama mtu amekaa. Bisibisi ikamponyoka fundi.

Mume, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, akasogea kwenye dirisha la gari. Mshonaji akamshika mkono kwa nguvu, naye akaubandua bila kumtazama. Akainama, akasema kwa sauti laini ambayo mkewe hakuwahi kuisikia:

“Miguu imepata nafasi, Twiga wangu?”