Msichana Mwenye Taa

Yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani. Alimnyang'anya binti yake kadi ya mchezo ili asome, akaitia mfukoni mwa aproni, akasahau. Upande mmoja kulikuwa na msichana mwenye taa, upande wa pili fisi. Sheria yake binti aliirudia mpaka ikachosha: zamu ikipita watu wote kimya, msichana anageuka fisi, mtu akisema neno, anarudi kuwa msichana.

Kadi ilipotafutwa, lawama zikamwangukia mtoto wa kike wa kaka yake, aliyeishi nao, aliyekuwa akimchemshia maji ya kuoga kila alfajiri bila kutumwa.

"Kesho namrudisha kwao," mume akasema. "Mwizi simlei mimi."

"Shangazi, na wewe unaniona mwizi?"

Shoga yangu alikuwa ameshaigusa kadi mfukoni. Aibu ikamziba mdomo. "Ngoja nikachukue uzi," akasema.

Stoo ilikuwa giza totoro. Aliiweka kadi juu ya kopo la vifungo, msichana juu, akapapasa rafu. Nyuma yake kadi ikapiga kopo, pa, kama kofi dogo. Akawasha simu: fisi. Akaigeuza, msichana juu. Sebuleni zipu ya begi ilivutwa polepole, kisha kimya.

Pa.

"Mwanangu, kadi ninayo mimi!" akapaza sauti.

"Mama, unamwambia nani?" binti yake akajibu. "Dada ameshaondoka na begi lake."

Akaigeuza tena. Upande wa msichana ilibaki taa peke yake, imewekwa chini, bado inawaka.