Jino la Kubandika la Sidonie

Kila asubuhi Sidonie aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mbele ya nyumba yake, mtaa wa Murara, Goma. Alitania wateja, nao walicheka na kununua.

Kisha volkeno ikalipuka. Katika kukimbia, Sidonie alianguka juu ya mawe. Jino moja la mbele likavunjika, na baadaye mzizi wake ukang'olewa. Tangu siku hiyo aliuza kimya.

Mume wake, Achille, akamwambia, "Mama Cédrick, sokoni kuna fundi wa meno. Anakata meno mawili ya kando ya pengo, yanakuwa madogo. Kisha anayavalisha meno matatu yaliyoshikana, la katikati linaziba pengo."

"Lakini hayo mawili hayaniumi!"

"Anasema njia ni hiyo tu."

Jirani yao Marie-Louise akasikia. "Sidonie, usiharakishe. Ona kwanza dokta wa meno, Namegabe. Alimtibu mama yangu."

Dokta Namegabe alipima fizi na kupiga picha ya mfupa.

"Meno yako ya kando ni mazima," akasema. "Jino likikatwa, halioti tena. Kuna jino la kuvaa na kutoa. Kuna jino linalosimama juu ya skurubu ndani ya mfupa. Hilo ni imara, lakini linataka upasuaji mdogo na miezi ya kurudi hapa. Na kuna jino la kubandika. Lina bawa dogo. Bawa hilo tunaligandisha nyuma ya jino la jirani kwa kole, gundi ya meno. Jino hilo la jirani tunalisugua kidogo sana, au hatuligusi."

Sidonie akafikiri. "Vita ikifika, dokta, nitarudi namna gani kila mwezi?"

"Kinywa ni chako, mama. Chagua."

"La kubandika. Linaweza kutoka?"

"Linaweza. Usilume nalo mahindi. Safisha chini yake kila siku. Likitoka, usiweke kole ya viatu. Uniletee."

Likabandikwa bila sindano. Sidonie akaanza tena kuita wateja kwa sauti.

Baadaye waasi wakakaribia. Familia ikavuka ziwa, ikaenda kwa shangazi Bukavu. Huko jino likabanduka. Sidonie akaliosha, akalifunga katika kitambaa. Waliporudi Goma, alikwenda kwa dokta akiwa na hofu.

"Nimeliharibu?"

"Hapana. Jino la jirani liko vile Mungu aliliumba. Fungua kinywa."

Jino likarudi mahali pake siku hiyohiyo.

Nyumbani, Achille alilitazama. "Na mimi nilitaka ukatwe yale mawili," akasema polepole.

"Papa Cédrick, tulikuwa hatujui," Sidonie akamjibu. "Kama yangekatwa, leo ningelilia meno matatu."

Akacheka, na Achille naye akacheka.