Mgeni Asiyekula

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kadii alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia ua na kufungulia kuku. Juma hili aliongeza ya nne, na hiyo hakuna aliyemtuma. Alipohakikisha kuwa mama yake, Easter, ameshika njia ya shamba la mananasi, alijipenyeza katika jiko la zamani nyuma ya nyumba. Aliondoa jiwe, akainua kipande cha bati, akachungulia ndani ya pipa.

Mgeni wake alikuwa palepale. Papai nalo lilikuwa palepale, limezingirwa na nzi. Yai halikuguswa. Hata maji hayakupungua.

"Kula basi," Kadii alimbembeleza. "Hata kidogo tu. Usiniangushe."

Mambo yalianza Jumatatu, darasani. Kadii alikuwa Gredi ya Sita katika shule moja ya Magarini, kwenye kijiji kilichopakana na msitu. Mwalimu Shekha, mlezi wa chama cha wanyamapori, alitaka kila mwanachama azungumze Ijumaa kuhusu mnyama mmoja. Mshindi angeiwakilisha shule katika mashindano huko Kilifi. Kadii alikuwa amepata kitabu cha wanyama wa Amerika, akamchagua armadilo, mnyama mwenye ngozi ngumu kama ngao. Kumbe armadilo si mmoja! Wako wa aina zaidi ya ishirini. Yuko mkubwa anayekaribia uzito wa mbuzi, na yuko mdogo wa rangi ya waridi anayetoshea kiganjani na kuishi chini ya mchanga. Wengine hukaa misituni, wengine katika nyika kavu zenye baridi kali.

Alipoyasema hayo katika mazoezi, Kazungu, mwanachama mwenzake ambaye hakuwahi kuliacha jambo lipite bila kulitia chumvi, alipasuka kwa kicheko. "Mnyama wa waridi mwenye ngao! Umemtunga huyo. Nani hapa amewahi kumwona?" Darasa zima likacheka, na Kadii akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumanne jioni, akiokota kuni ukingoni mwa msitu, aliona kitu cha kahawia kimejiviringa kando ya njia. Alipokigusa kilizidi kujikaza, magamba matupu, kichwa hakionekani wala mkia. Kitabu kilisema nini? Armadilo wa mikanda mitatu hujikunja akawa kama mpira! Hakukumbuka kwamba kati ya Amerika na Magarini kuna bahari nzima. Mtu akilitaka jambo sana, bahari nayo huiona kijito. Alimfunga mnyama katika leso yake, akambeba hadi nyumbani, huku akiwaza jinsi Kazungu atakavyofumba mdomo siku ya Ijumaa.

Lakini mgeni hupewa chakula, na chakula cha mgeni huyu kilikuwa mtihani. Kadii alifungua kitabu. Armadilo wa mikanda tisa hula wadudu, minyoo, na mara mojamoja mayai ya ndege. Jumatano asubuhi Kadii alichimba minyoo, akaokota na mende chini ya kinyesi cha ng'ombe, akaiba na yai la kuku mwekundu. Mnyama hakugusa. Armadilo wa mikanda sita hachagui: matunda, mizizi, hata mizoga. Jioni Kadii alimletea papai na muhogo, na yai jingine, alilolipasua kabisa ili harufu imvute. Wapi! Ukurasa wa armadilo mkubwa aliuruka. Mgeni wake hakufika hata ukubwa wa mbwa, basi wa nini?

Usiku ulipokaribia, mama yake alitoka bandani akiwa ameshika kiuno.

"Kadii, mayai ya kuku mwekundu yamekwenda wapi? Asubuhi nimeacha manne, sasa naona mawili."

Ulimi wa Kadii ulikuwa mwepesi kuliko akili yake. "Labda anayala mwenyewe, Mama."

"Anayala?" Easter aliguna. "Kuku akishaonja yai lake haachi tena. Mla mayai dawa yake ni kisu. Jumamosi tutamtia chunguni."

Kuku yule Kadii alikuwa amemlea mwenyewe tangu akiwa kifaranga.

Sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi. Kadii alinyoosha mkono ndani ya pipa na kumgusa mnyama mgongoni, akingoja ajiviringe kama siku ile. Hakujiviringa. Aliinua pua yake ndefu kidogo, kisha akailaza tena chini, kana kwamba hata pua ilikuwa mzigo.

Hofu ilimshika Kadii. Akinyamaza hadi kesho, atamwonyesha Kazungu mnyama, lakini mzima au mzoga? Akisema, mambo yatakuwa mengine. Alikuwa amesikia redioni watu wakifungwa kwa kupatikana na wanyama wa msituni. Je, wakisema mwenye nyumba ndiye mwenye kosa? Je, wakimchukua Mama?

Vipindi viwili vya kwanza vilipita bila yeye kusikia neno. Kila alipofumba macho aliiona ile pua ikilala chini. Kengele ya mapumziko ilipolia, miguu ilimpeleka yenyewe hadi kwenye chumba cha walimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kadii. Mbona uso umekushuka hivyo, mwanangu?" Mwalimu Shekha alikuwa mzaliwa wa Malindi mjini, na sauti yake ya upole ndiyo iliyoyafungulia machozi njia. Kadii alieleza yote: kicheko, msitu, pipa, papai, mayai.

Mwalimu aliweka chini kikombe chake cha chai. "Hebu nambie kimoja. Kinywani mwake umeona meno?"

"Hana, Mwalimu. Nimeona ulimi tu, mrefu na mwembamba."

"Subhanallah! Na ngozi yake, ni mikanda mikanda, au ni magamba yaliyopandana kama makuti ya paa?"

"Kama makuti."

"Basi huyo si armadilo. Armadilo wana meno, tena wote kwao ni Amerika. Huyo ni kakakuona, mwenyeji wa huku huku kwetu. Wamefanana mavazi tu, hawana udugu wowote. Yeye chakula chake ni mchwa na sisimizi. Angekaa mwezi mbele ya papai, asingelionja."

"Atakufa, Mwalimu?"

Mwalimu Shekha hakumdanganya. "Sijui," alisema, akachukua simu.

Saa nane mchana, gari la idara ya wanyamapori lilisimama uani, Kadii na Mwalimu Shekha wakiwa ndani. Easter, aliyeitwa kutoka shambani, alifika mbio na udongo mikononi. Alipoona mtu mwenye sare, alisita.

"Afande, kuna nini? Mwanangu amefanya nini?"

Kadii alijitokeza kabla afisa hajajibu. "Nimeficha mnyama wa msitu, Mama. Ni mimi peke yangu. Afande, Mama hakujua lolote."

Afisa huyo, Bwana Garama, alitoa daftari lake. "Wanyama hawa wamebaki wachache mno, na sheria yake ni kali. Watu wazima hufungwa miaka. Lakini wewe umekuja kusema mwenyewe, na ndivyo nitakavyoandika. Sasa tusipoteze wakati. Nimezungumza na daktari wa wanyama. Anasema tumjaribu kwenye kichuguu kwanza."

Kadii aliingia katika jiko la zamani peke yake, akamtoa mnyama pipani. Walimbeba hadi ukingoni mwa msitu, wakamweka karibu na kichuguu. Bwana Garama akabomoa upande mmoja, mchwa wakafurika nje. Mnyama alilala tu. Kadii aliuma kidole mpaka kikauma kweli. Kisha pua ikainuka. Ikanusa huku, ikanusa kule. Ukucha mmoja ukakwaruza udongo, na ule ulimi mwembamba ukatoka, ukaingia katikati ya mchwa, ukarudi, ukatoka tena.

"Anakula," Kadii alinong'ona. "Anakula!" Akaangua kilio mbele ya watu wote, na hakuona haya.

Njiani kurudi, Bwana Garama akiwa amebaki kumwangalia mnyama, Mwalimu Shekha alimwomba Kadii kile kitabu. Alikifungua penye armadilo mkubwa, akamnyooshea kidole mstari mmoja. Kadii akasoma: chakula chake kikubwa ni mchwa. Ukurasa ule ule alioruka.

Ijumaa alizungumza bila mnyama. Aliwataja armadilo wake, kisha akasimulia jinsi alivyokaribia kumuua kakakuona kwa sababu ya kutaka sifa. Kazungu hakucheka. Hata hivyo aliyechaguliwa kwenda Kilifi ni Kazungu mwenyewe, kwa hotuba yake ya nyuki, na Kadii akapiga makofi kama wengine.

Mambo yangeishia hapo, lakini lilibaki jambo moja. Jumamosi asubuhi alisikia kisu kikinolewa kwenye jiwe. Mama yake alikuwa amemshika kuku mwekundu kwa mabawa.

"Mama, ngoja!" Kadii alikimbia bila viatu. "Hakula yai hata moja. Ni mimi niliyachukua, nikampa yule mnyama. Nilikudanganya."

Easter aliweka kisu chini. Kisha akamwachilia kuku, naye akakimbilia chini ya ghala akipiga kelele za kulalamika. Kadii alingoja kofi, lakini halikuja.

"Kaa hapa," mama yake alisema, akamwonyesha kigoda. "Juma hili ulitaka watu wakuamini, ukaanza kwa kuficha. Ukaficha mnyama, akakaribia kufa kwa njaa. Ukaficha yai, kuku akakaribia kufa kwa kisu. Wote wawili hawakukukosea lolote. Uongo, mwanangu, ukiutoa wewe, anayelipa ni asiyekuwa na mdomo wa kujitetea. Siku nyingine ukikosea, sema siku ileile. Usingoje mtu anoe kisu."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nenda ukachume kunde. Kitoweo chetu umekiokoa, basi tafuta kingine."