Waya Uliokatwa Kila Jumamosi

Jumamosi saa nne asubuhi, Lynn alikuwa akimsikiliza mteja wa ng'ambo mtandao ulipokatika ghafla. Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo, na mkubwa wake wa kazi alikuwa ameshamwonya: akipotea hewani tena, asirudi.

Alitoka na hasira zake, akaufuata waya kwenye nyasi za ng'ombe. Mumewe Ngatia ndiye aliyeufukia, walipovuta mtandao kutoka sebuleni kwa mama yake mzazi, Watiri, hadi nyumba yao ya nyuma, hapo kwao Ruring'u. Mara mbili za kwanza walimlaumu fuko. Lakini fuko hutafuna, na waya huu ulikatwa pigo moja, kisha udongo ukarudishwa na kukanyagwa. Tangu lini fuko akashika panga?

Lynn alikuwa na mtu wake tayari: Phyllis, mke wa shemeji yake, wa nyumba ya pili. Hawa wawili hawakupikika chungu kimoja. Watiri, ambaye boma zima lilimwita Cucu, yaani nyanya, hakumaliza siku bila kumsifu Phyllis kwa kujua shamba, na kila sifa ilimchoma Lynn rohoni. Basi Phyllis naye, aliwaza, lazima anaionea gere kazi yangu ya kukaa kwa kiti. Akaenda kumkabili, akakuta kufuli mlangoni. Akampigia simu.

"Niko soko ya Karatina na viazi tangu asubuhi," Phyllis alimjibu, kelele za wanunuzi zikisikika nyuma yake. "Kila Jumamosi niko hapa, Mama Mwai. Ati ulikuwa hujui?"

Alijua, ila wivu ulikuwa umemfumba macho. Akakata simu akiwa na aibu, na hapo ndipo alipoanza kufikiri sawasawa. Anayetaka kumharibia kazi angekata hata Jumanne. Mbona katikati ya wiki waya hauguswi? Jumamosi ilikuwa na tofauti moja tu: Ngatia hakwenda gereji, alishinda nyumbani na simu yake.

Alimkuta Ngatia sebuleni kwa Cucu na mtoto wao Mwai. Walikuwa wameukimbilia mtandao huko, kama Jumamosi zile nyingine. Mezani palikuwa na chai, vikombe vimepangwa, na sinia la nduma, yaani magimbi, zilizochemshwa na kumenywa. Lynn akachukua moja, akaikuta imeshapoa. Nduma ya kupikwa kwa kuni haiivi chini ya saa nzima, na mtandao ulikuwa umekatika punde tu.

Mke wa mtu hamshtaki mama mkwe. Humuuliza tu.

"Cucu, hizi nduma ulizibandika saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na mtandao umekatika saa nne. Ulijuaje tutakuja?"

Ngatia akainua uso. Cucu akajipangusa mikono kwenye leso, ingawa ilikuwa mikavu.

"Hiyo netiwaki ikiwa hapa peke yake, nilikuwa na watu," alisema. "Mtoto yangu alikuwa anakaa hapo kwa kiti. Hata kama haniongeleshi, nilikuwa namuona. Mkaivuta kwako, ikaenda na yeye. Wewe uko naye wiki mzima. Mimi nilikuwa nataka Jumamosi tu."

Simu ya Lynn ikalia. Aliusoma ujumbe mara mbili, kisha akawaambia kwamba kazi imekwisha. Cucu akashika mdomo.

"Sasa mtanihama?"

"Hatuendi mahali, Maitu," Ngatia akasema, kabla Lynn hajafungua kinywa. Alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mama yake, amemshika mikono, anambembeleza kama mtoto. Habari ya kazi hakuuliza. Hata kumtazama mkewe hakumtazama.

Lynn akarudi hadi mlangoni, wivu umempanda. Panga lingekuwa karibu, hata yeye angekata kitu.